Garanti ya nyumba ni pesa ya mpangaji

Hapa Goma ukitaka nyumba, bayeri anaomba kwanza garanti, na komisioneri naye anangoja pesa yake. Siku ya kuingia, pesa inatoka haraka. Siku ya kutoka, kuirudisha ni kazi nyingine.

Mimi nilipanga nyumba ya mbao, vyumba viwili, huko Ndosho, dola 50 kwa mwezi. Nilitoa garanti ya miezi mitatu, dola 150. Nilipotaka kuhamia karibu na kazi, nilimjulisha bayeri mapema na nikalipa hadi mwezi wa mwisho. Majirani walinishangaa: "Kula garanti yako humo humo!" Ndivyo wengi wanavyofanya, wanakaa miezi ya mwisho bila kulipa. Lakini mimi niliitaka mkononi, sababu bayeri mpya hakunipa ufunguo bila garanti yake.

Siku ya kurudisha ufunguo, mzee aliangalia juu akasema: "Mwanangu, mabati yangu yametoboka. Garanti imeishia hapo."

Nikamjibu: "Papa, mabati yameliwa na moshi wa volkano. Angalia hata kwa jirani."

Kilichonisaidia ni karatasi. Siku ya kuingia tulizunguka nyumba pamoja na chefu wa avenue, tukaandika hali ya mlango, madirisha, kufuli, na mabati "yenye kutu". Wote watatu tulitia sahihi. Mzee aliisoma, akanyamaza. Alikata dola 10 za kioo kilichovunjwa na mpira wa watoto, nami nikakubali. Zilizobaki hakuwa nazo zote, alikuwa anangoja mpangaji mpya. Tukaandika tena mbele ya chefu: dola 40 siku hiyo, dola 100 kisha mwezi mmoja. Zilichelewa wiki mbili, lakini zilifika.

Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isipite miezi mitatu. Mpangaji akitoka anarudishiwa, baada ya kukatwa kile anachodaiwa. Mkikosa kuelewana, anzeni kwenye ofisi ya habitat iwapatanishe. Ikishindikana, kisheria kesi inaenda mahakamani.

Ninafikiri zaidi familia zilizokimbia. Vita haikupi muda wa kumjulisha bayeri. Lakini ukiondoka na ufunguo mfukoni, yeye anaendelea kuhesabu miezi juu yako hadi garanti iishe. Kwa hiyo mpigie simu mara tu unapofika mahali salama, umwambie tarehe uliyotoka. Kama kuna jirani aliyebaki, mwombe amrudishie ufunguo mbele ya chefu wa avenue au wa nyumba kumi. Risiti ya garanti ipige picha, na ile karatasi yenyewe iweke pamoja na kadi ya mpiga kura, vitu unavyoshika wa kwanza ukisikia risasi.

Bayeri naye pengine amekimbia, hana kitu. Basi aandike deni lake, kidogo kidogo atalipa. Kwa familia inayolala sebuleni mwa watu, dola 100 ni mwanzo wa kupata tena chumba chao wenyewe. Muidai kwa heshima, lakini muidai.