Jina Likishashika Mizizi

Kazi yetu sisi walimu ni pamoja na kutoa majina. Tunapomwambia mtoto kuwa tarakimu ya juu ya sehemu ni kiasi na ya chini ni asili, tunampa maneno atakayokwenda nayo shule nyingine na darasa jingine. Yafaa basi tujiulize jina huchaguliwaje.

Tutazame wenzetu wanaosanifisha lugha za kompyuta. Lugha iitwayo JavaScript ilibuniwa Marekani mwaka 1995, na kanuni zake zilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1997 na chama cha Ecma, chenye makao yake Geneva. Tangu hapo kamati yake huongeza amri mpya kila inapobidi. Amri mojawapo ilikusudiwa kufungua orodha zilizomo ndani ya orodha nyingine, mfano wa mtu afunguaye vifurushi vya maharage na kuyamimina yote katika kikapu kimoja. Iliitwa flatten, yaani fanya bapa. Jina lilieleweka vyema.

Lakini jina hilo lilikuwa na mwenyewe. Mkusanyiko wa zamani wa programu, MooTools, ulikuwa umekwisha kulitumia kwa namna yake. Mwaka 2018 amri mpya ilipotiwa katika toleo la majaribio la Firefox, ukurasa mmoja wa intaneti uliotegemea mkusanyiko ule uliharibika. Wako waliosema kuwa wenye kurasa kuukuu wazirekebishe wenyewe. Wengine wakajibu kuwa kurasa nyingi hazina tena mtunzaji, na atakayeumia ni msomaji asiye na kosa. Mwezi Mei mwaka huo kamati ikachagua flat, yaani bapa, na jina hilo likaingia katika kanuni za mwaka 2019.

Kwa maoni yetu kamati ilifanya vyema. Jina likishashika mizizi kwa watumiaji, msanifishaji hana budi kuliheshimu.

Ndugu mwanachuo, darasani nako maneno yana wenyewe. Neno "kutoa" mtoto huja nalo kutoka nyumbani. Aambiwapo atoe vyombo nje, macho yake huvifuata vinavyotoka. Hesabu humtaka atazame vinavyobaki. Ndiyo maana twaona watoto ambao, wakiulizwa saba toa tatu, hujibu tatu. Hawakukosa akili, wametii maana waliyoizoea.

Hatuwezi kulifuta neno hilo, kwani limo vitabuni na vinywani mwa watu. Wala haifai leo tuseme "kutoa" na kesho "kupunguza" pasipo kueleza. Tuweke vizibo saba mezani, mtoto aondoe vitatu, ahesabu vilivyosalia, kisha ndipo tulitaje jina. Na kabla ya kutaja neno lolote jipya, tuwaulize watoto kwanza: nyumbani neno hili lina maana gani?