Nilimwahidi mama mdogo iodini

Leo siandiki juu ya programu, ingawa mtaona kazi haijanitoka kichwani.

Mama mdogo ana saratani ya ovari. Dawa za kemo ziliposhindwa, nilikesha kwenye intaneti nikakuta habari za iodini yenye mionzi na saratani hiyo. Usiku huo huo nikampigia simu: "Mama, dawa imepatikana!" Sikuwa nimesoma hadi mwisho.

Iodini-131 si kitu kipya. Tezi ya shingoni hufyonza iodini, ile tunayotiliwa kwenye chumvi tusipate rovu. Mwenye saratani ya tezi hiyo akimeza iodini yenye mionzi, seli huivuta zenyewe, na sehemu kubwa ya mionzi inayoziua husafiri milimita chache tu. Kila baada ya siku 8 nguvu yake hupungua nusu. Huingia kwa mlango wa protini uitwao NIS, ambao jeni yake ilitambuliwa mwaka wa 1996. Seli za saratani ya ovari kwa kawaida hazina mlango huo wa kutosha.

Ndipo wanasayansi wakawaza kama sisi waandishi wa programu: seli haina mlango? Iandikie. Huko Mayo Clinic, Marekani, walipachika jeni ya NIS katika virusi vya ukambi vilivyodhoofishwa, wakavitia tumboni mwa wanawake ambao saratani yao ya ovari ilikuwa sugu kwa dawa. Matokeo ya wagonjwa 16 yalichapishwa mwaka wa 2015. Lakini iodini katika jaribio hilo ilikuwa ya kupigia picha, kuona virusi vimefika wapi. Haikuwa tiba.

Jumamosi nilienda kwake kumweleza. Nilizungumza sana: jeni, virusi, picha. Akanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Kwa hivyo bado si dawa?"

"Bado, mama."

"Ungeniambia mapema, mwanangu. Wiki jana sikwenda kliniki. Nilikuwa nangoja hiyo iodini yako."

Kazini simpi mteja programu ambayo sijaijaribu. Mgonjwa nilimpa habari ambayo hata sikuwa nimeimaliza kusoma.

Jumatatu tulikwenda kliniki pamoja. Nilibeba faili lake, na maswali nikamwachia daktari ayajibu.