Usinijazie RAM, Tafadhali

Wasee, tabia ya lugha ya programu mimi huiangalia kwa swali moja dogo: data ya muda inakaa wapi? Ile data huna mpango wa kuitunza. Mtu amekutumia faili, unataka kuisoma, uipunguze, uipitishe mbele, basi.

RAM ni ile meza ya mama mboga ya kukatia sukuma. Kazi inaenda mbio, lakini meza yenyewe ni ndogo. Diski ni gunia liko nyuma ya kibanda: nafasi ipo, ila lazima uinuke.

Sasa PHP, ambayo kila mtu huicheka, kwa hili ilifikiria vizuri. Kuna php://memory, inayobaki kwa RAM liwe liwalo, na php://temp, inayoanza kwa RAM halafu ikifika MB 2 inahamia kwa faili ya muda. Wewe unaendelea tu kuandika na kusoma.

Python ina BytesIO ya RAM tupu na SpooledTemporaryFile ya kuhamahama. Wazo safi kabisa. Lakini cheki max_size: usipoitaja inakuwa 0, na hiyo 0 maana yake hakuna kikomo. Data ikue vile inataka, itabaki kwa RAM. Hapo nakataa. Seva ya GB 1 ndiyo wengi wetu tunaweza kulipia. Watu kumi wakipakia video ya MB 100 kila mmoja kwa wakati mmoja, RAM yote imeenda, na Linux yenyewe bado haijapata yake. Ikiishiwa, Linux huchagua programu na kuiua, mara nyingi ile inayokula zaidi, yaani yako. Mteja haoni hayo yote. Anaona tu tovuti imelala, na anaenda kwa mwingine.

Utaniambia mtu asome maelekezo. Sawa, lakini anayesoma maelekezo angeweka kikomo chake hata hivyo. Anayebaki na kile alichopewa ni yule anayeanza, ama anayekimbizana na muda saa nane usiku. Huyo ndiye lugha ingemfikiria kwanza.

Tena mkondo wa data ni ahadi: ukijua kusoma mmoja, umejua yote. SpooledTemporaryFile iliingia na Python 2.6 mwaka 2008, lakini ilikosa vitu kama seekable, kwa hivyo ukiipitisha kwa msimbo unaouliza kama unaweza kurudi nyuma, inakwama. Ilirekebishwa kwa 3.11, mwaka 2022. Miaka kumi na minne, jameni!

Na hizo faili za muda zikibaki? Fikiria nakala za vitambulisho vya watu zimelala kwa seva yako. Ujanja ninaoupenda wa Linux ni kufungua faili, kisha kufuta jina lake hapo hapo. Programu bado imeishika, lakini hata ikiuawa, faili inaenda nayo.

Kabla hujahamishia chochote kwa /tmp, andika df /tmp kwanza. Fedora, na Debian kuanzia toleo la 13, huiweka kwa RAM. Ukiona neno tmpfs, hujatoka mezani bado. Elekeza faili zako /var/tmp.