Kezilahabi, Kitabu Baada ya Kitabu

Euphrase Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 Namagondo, kisiwani Ukerewe, katika nyumba ya Kikerewe. Kiswahili alichokuja kuandikia hakukivisha kanzu ya pwani.

Katika Rosa Mistika (1971) bado unamsikia mwalimu. Msimulizi anajua yote. Zakaria, baba mlevi na mkali, anamwadhibu Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana, nasi tunaoneshwa malezi hayo yatamfikisha wapi. Kitabu kilizuiwa shuleni kwa muda kwa kusema waziwazi mambo ya mwili. Ukikisoma leo, kinachokushika zaidi ni zile sentensi fupi, kavu, zisizobembeleza mtu.

Mwaka 1974 mwalimu yule aliondoka. Katika Kichwamaji anasema Kazimoto mwenyewe, kijana wa chuo kikuu asiye na uhakika na lolote, hata na nafsi yake. Mwaka huohuo ikatoka Kichomi, diwani ya mashairi yasiyofuata vina na mizani, na wanamapokeo wakaja juu: huo si ushairi! Ugomvi ulidumu miaka mingi. Vina aliviacha, ila mapigo hakuyaacha. Soma kwa sauti utayasikia.

Wala hakuwa mtu asiyewajua waliomtangulia. Tasnifu yake ya uzamili, 1976, ilihusu riwaya za Shaaban Robert, yule aliyewapa wahusika majina kama Utubora na Majivuno. Aliyesoma wahusika hao kwa makini hivyo, bila shaka alijua anapotaka kutengana nao.

Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Gamba la Nyoka (1979) zilikaa karibu zaidi na siasa za Ujamaa. Kwa maoni yangu, ndipo sauti yake ilipopungua ukali. Hoja ilitangulia mtu.

Kisha akaenda Wisconsin, Marekani, akasoma falsafa ya Kiafrika na fasihi hadi shahada ya uzamivu, 1985. Nagona (1990) na Mzingile (1991) ni vijitabu vyembamba ambavyo wasomaji wengi hadi leo huvifunga katikati. Kijiji kimetoweka, wakati umevurugika, wafu wanaongea na walio hai. Sentensi, hata hivyo, ni zilezile fupi za Rosa Mistika.

Tangu 1995 alifundisha Botswana, mbali na wasomaji wake. Huko hakuacha Kiswahili: diwani ya Dhifa ilitoka Nairobi mwaka 2008, miaka kumi na miwili kabla hajafariki.