Injini Ikizima Karibu na Kiwanja

Kailo, Maniema

Mpwa wangu,

Umeniuliza ufanye nini injini ikizima unaposhuka kutua. Nitakujibu kwanza kama fundi wa ndege mstaafu, kisha kama mjomba wako.

Cessna 172 za zamani mnazojifunzia zina karbureta, kifaa kinachochanganya hewa na mafuta. Hewa ikipita mle kwenye koo jembamba hupoa, na mafuta yakigeuka mvuke huipoza zaidi, hata kwa nyuzi 20 na kupita. Ndiyo maana barafu huweza kuganda ndani ya injini huku wewe unatoka jasho. Hewa ya kwetu, yenye unyevu wa msitu na wa mto Lualaba, inafaa sana kwa ubaya huo, hasa ukipunguza nguvu ya injini ili ushuke. Vuta joto la karbureta kabla ya kupunguza. Injini ikikohoa baada ya kulivuta, liache hapo hapo: ni barafu inayoyeyuka. Wapo wanaoshtuka wakalirudisha, na barafu ikaendelea kuganda.

Mafuta pia huweza kuizima. Huku mafuta ya ndege huja kwa mapipa, na pipa hunywa maji ya mvua. Kila asubuhi, na kila baada ya kujaza, toa kidogo chini ya tangi kwenye glasi uangalie. Maji hukaa chini. Usimwachie mtu mwingine kazi hiyo, hata kama ni fundi.

Sasa injini imezima. Shusha pua mara moja, ushike mwendo wa kuelea, kama kilomita 120 kwa saa kwa ndege yako. Ukiwa mita 300 juu ya ardhi, bila upepo, utaelea kilomita mbili na nusu hivi, basi. Kiwanja kikiwa mbali kuliko hapo, kisahau. Utakiona mbele yako na mkono utataka kuvuta usukani ili ufike. Ukivuta, mwendo unakufa, bawa linaacha kubeba, ndege inaanguka kama jiwe. Mkono huo huua kuliko injini. Chagua shamba la mpunga au la muhogo lililo mbele yako, hata vichaka, uguse chini ungali unaiongoza.

Beryl Markham, rubani aliyekulia Njoro nchini Kenya, alivuka Atlantiki peke yake Septemba 1936 akitokea Uingereza. Injini ilimzimikia akiwa amefika Nova Scotia, Kanada. New York alikokusudia hakufika. Aliiteremsha ndege kwenye kinamasi, ikasimamia pua, naye akatoka na jeraha la kichwa. Aliishi hadi 1986. Mimi namhesabu kuwa alitua vizuri.

Wenye ndege watakulaumu kwa kuivunja. Waache walaumu, ndege nyingine itanunuliwa, lakini mama yako hana mwana mwingine.

Mwombe mwalimu akupunguzie nguvu ya injini hadi mwisho bila kukuonya, ukiwa sambamba na kiwanja, tena siku ambayo umechoka. Akikataa, omba tena. Kisha niandikie ulichagua wapi pa kutua.

Mjomba wako