Taa ya Gari na Jirani wa Hema la Pili

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, gari la safari lililotoka Arusha kwenda Serengeti lilibeba taa chache sana. Mpishi mmoja aliyeanza kazi hiyo akiwa kijana, na ambaye mpaka leo anawapikia wageni kambini, anazikumbuka zote: chemli mbili, karabai moja iliyoviringishwa ndani ya gunia ili kioo kisipasuke njiani, dumu dogo la mafuta ya taa, na tochi ya dereva. Taa za Land Rover lenyewe hazikuingia kwenye hesabu. Balbu moja ya taa kubwa ilikula wati 55, yaani karibu ampea 5 kutoka kwenye betri ya volti 12, na dereva aliyeacha zote mbili zikiwaka wakati watu wanakula alijua kuwa asubuhi atawaomba wageni washuke wasukume. Gari likishaegeshwa, taa zilizimwa, basi.

Giza la huko huingia haraka. Seronera, katikati ya Serengeti, jua huzama kama saa moja kasoro robo, na ikifika saa moja na robo mtu haoni tena kamba za hema lake. Magari hayaruhusiwi kuzurura hifadhini usiku, kwa hiyo wote waliopangiwa kambi ya umma hufika karibu wakati mmoja, hujibanza popote penye nafasi na kuwa majirani mpaka kesho yake. Uzio hakuna. Kambi kama Pimbi ina mabanda ya kulia na kupikia yaliyozungushiwa wavu wa chuma ili nyani na fisi wasifike kwenye chakula, lakini mahema yako nje kabisa, pengine hatua kumi tu kati ya mgeni wa kampuni moja na mgeni wa kampuni nyingine. Ukuta kati yao ni kitambaa, na kitambaa hupitisha mwanga.

Chemli, anasema mpishi, ilimmulika kwanza aliyeibeba. Mtu akija kuomba chumvi kutoka jiko la jirani, magoti yake yalionekana kwanza, kisha mkono, kisha uso, na alitambulika kabla hajafungua kinywa. Alikuwa akiiweka taa chini na kusema, "Hodi jikoni," naye akajibiwa, "Karibu, kaka." Siku hizi anayekuja amevaa taa ya kichwani. Yeye anamwona mpishi vizuri mpaka kope. Mpishi anaona duara jeupe lisilo na mtu nyuma yake. Kwa mzee huyu hilo ni badiliko kubwa kuliko yote, na ana hoja nzito: mwanga uliokuwa ukimtambulisha mgeni sasa unamficha, na anayepigwa nao ni mwenyeji.

Malori ya watalii, yale yanayokatiza Afrika kutoka Nairobi mpaka Cape Town, ndiyo yaliyotangulia kuleta taa za nje za kudumu: mirija miwili mitatu iliyofungwa ubavuni, juu ya meza ya kukatia mboga. Zilikuwa hafifu, na zilizimwa vyombo vilipomaliza kuoshwa. Betri bado ilikuwa na sauti.

Sauti hiyo ilinyamazishwa na kazi iliyofanyika mbali sana na Serengeti. Mwaka 1993, Shuji Nakamura, mhandisi wa kampuni ya Nichia huko Japani, alitangaza LED yenye mwanga mkali wa buluu. Nyekundu na kijani zilikuwepo tayari. Buluu yenye nguvu ndiyo iliyokosekana, na bila hiyo hapakuwa na njia ya kupata mweupe. Miaka michache baadaye LED nyeupe ikaingia sokoni, nayo ni buluu iliyofunikwa kwa utando wa kemikali unaogeuza sehemu ya mwanga kuwa njano. Nakamura na wenzake Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014, na waliistahili. Balbu ya wati 9 ikatoa mwanga wa balbu ya zamani ya wati 60. Kwa vijiji visivyo na umeme hii imekuwa neema kubwa, na mpishi mwenyewe, aliyevuta moshi wa mafuta ya taa kwa miaka mingi, hataki hata kusikia mtu akiitamani karabai irudi.

Ila kambini kitu kingine kilitokea. Zamani hakuna aliyehitaji kuamua lini azime taa; mafuta na betri viliamua. Sasa sola iko juu ya paa, betri ya pili iko nyuma ya kiti, na taa inaweza kuwaka usiku kucha bila kumgharimu mwenye gari chochote. Gharama imehamia kwa jirani.

Magari nayo yamebadilika. Wageni wengi sasa hukodi Landkruza lenye hema juu ya paa na kuendesha wenyewe, au huja na magari ya kulala waliyotoka nayo kwao, yenye kitanda, jiko na friji ndani. Gari la namna hiyo lina taa kila upande: juu ya mlango, chini ya ngazi, nyuma penye meza ya kukunja, na ukanda mrefu wa LED chini ya turubai la ubavuni. Mengine huongezewa mhimili mzima wa taa kwenye paa, uliotengenezwa kumulika barabara ya vumbi mita mia kadhaa mbele. Taa za bei rahisi huwa na mweupe wa kelvini 6,000 hadi 6,500, unaokaribia buluu, wakati mwali wa chemli ni kelvini 1,900 hivi. Halafu kuna rimoti. Mtu anatoka kwenda chooni saa nane ya usiku, anafungua mlango na taa zote za nje zinawaka. Anafunga, indiketa zinapiga mara mbili, na kambi nzima inageuka rangi ya machungwa. Akirudi, yote yanaanza upya.

Jioni moja ya msimu wa kiangazi, huko Seronera, gari la aina hiyo liliegeshwa kati ya jiko la mpishi na hema la kijani la wazee wawili, mume na mke, waliokuwa wamelala mapema kwa sababu walitakiwa kuamka saa kumi kwenda kupanda puto. Ukanda wa chini ya turubai ulikuwa unawaka, na chini yake hapakuwa na mtu. Dereva wa gari lile, kijana, alikuwa anapiga stori upande wa pili wa banda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mdogo wangu. Hebu njoo mara moja, kuna kitu nataka uone."

Mpishi hakumwambia azime. Alimchukua mpaka kando ya lile hema la kijani, akamwomba ageuke alitazame gari lake kutokea hapo. Kutoka upande wa gari, ukanda ulionekana unatazama chini, kwenye meza. Kutoka hapa ulikuwa mstari mweupe ulio usawa wa macho, na kivuli cha kila kamba kilikuwa kimechorwa kwenye kitambaa cha hema. Ndani, mtu alikuwa amejifunika shuka mpaka kichwani.

"Aa, mzee," kijana alinong'ona. "Mimi nilidhani unamulika kwetu tu."

Akaenda akauzima. Mpishi ameitumia njia hiyo mara nyingi tangu hapo, na anaiamini kuliko maneno, kwa kuwa karibu kila mwenye taa hajawahi kuitazama akiwa upande wa anayemulikwa. Wageni wa kigeni pia huelewa upesi wakipelekwa pale, hata kama lugha haipandi.

Wapo wanaokataa, na sababu yao ni moja: simba. Hofu hiyo haipuuzwi kwa mtu aliyelala mahali ambapo fisi hupita katikati ya mahema. Lakini kuhusu taa na simba kuna ushahidi mzuri kutoka Kitengela, kando ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Kijana wa Kimaasai, Richard Turere, aliyekuwa akilinda ng'ombe wa baba yake, alijaribu kwanza moto, akaona unawasaidia simba kuona ndani ya zizi. Baadaye akagundua kuwa simba wanaogopa mwanga unaotembea, ule wa mtu anayezunguka na tochi. Akaunganisha betri, sola, kifaa cha indiketa na taa ndogo zinazowaka kwa zamu kuzunguka zizi, na mwaka 2013 alieleza uvumbuzi wake katika jukwaa la TED akiwa bado mwanafunzi. Taa iliyoganda mahali pamoja usiku kucha, kama ule ukanda wa turubai, siyo aliyoitegemea.

Taa ya namna hiyo huongeza hatari kwa njia nyingine. Jicho huhitaji dakika 20 mpaka 30 kuzoea giza sawasawa, na mazoea hayo hupotea kwa sekunde chache likipigwa na mwanga mkali. Anayetoka hemani na kukutana na gari la jirani linalowaka haoni kilicho hatua ishirini upande wa pili. Kwenye kambi ya Simba, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, tembo huja mpaka kwenye tangi la maji katikati ya watu. Pale mtu anahitaji macho yake yote, na tochi moja ndogo ya kuelekeza anapokwenda inamfaa kuliko uwanja mzima uliomulikwa.

Kuhusu wadudu, wapishi walikuwa na ujuzi wao tangu enzi za karabai. Mvua za kwanza zikinyesha na kumbikumbi kuruka, karabai ilitundikwa mbali na masufuria, juu ya beseni la maji, na jikoni ikabaki chemli moja iliyopunguzwa utambi. Wadudu walijaa kwenye beseni, mchuzi ukasalimika. Mwaka 2024 watafiti, wakiwemo wa Imperial College London, walichapisha maelezo ya kwa nini wadudu huzunguka taa: wanaporuka hugeuzia mgongo upande wenye mwanga, kwa kuwa kwa mamilioni ya miaka mwanga wa usiku ulitoka juu, na taa ya karibu huwapoteza wasijue juu ni wapi. Mwanga wa njano nzito au rangi ya chungwa huwavuta wachache kuliko mweupe. Ndiyo maana magari mengi yanayopanda kutoka Afrika Kusini yana ukanda wenye rangi mbili, na wenye magari hayo huwasha ile ya chungwa wanapokula. Wengine kati yao hupitia Namibia, ambako hifadhi ya NamibRand ilitambuliwa kimataifa mwaka 2012 kwa kulinda giza la usiku.

Safari za mpishi huishia pwani mara nyingine, na huko jirani si mtu tu. Katika kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, kasa bado wanapanda kutaga, ingawa miti yote imekwisha na maji makuu hukifunika. Mayai huhamishiwa kwenye ufuo wa Ushongo, yakafukiwa upya, na baada ya karibu miezi miwili vifaranga hutoka, kwa kawaida usiku. Hutafuta upeo wenye mwanga zaidi ulio chini, ambao kwa maumbile ni bahari. Gari lililoegeshwa juu ya mchanga likiwa na taa nyeupe ubavuni ni bahari ya uongo, na kifaranga anayetambaa kuifuata huishia kwa kaa au kwenye jua la asubuhi. Ufuoni mpishi hupika kabla ya magharibi na hataki mjadala.

Yule kijana wa Seronera sasa hufanya naye kazi. Mwaka huu alilipeleka gari kwa fundi wa umeme Arusha, na taa za nje zimegawanywa kwa swichi tatu: ya jikoni, ya turubai na ya nyuma. Ya nyuma ilikuwa imeunganishwa na mlango, ikabidi waya ukatwe. Taa ya jikoni imeshushwa usawa wa kiuno, chini ya ukingo wa meza, inamulika masufuria na miguu ya mpishi. Imebaki rimoti. Fundi anasema inawezekana kuzizuia indiketa zisiwake mlango unapofungwa, lakini mpaka aunganishe kompyuta kwenye gari, na gari linaondoka Jumatatu kwenda Tarangire. Kwa sasa kijana anafunga mlango kwa ufunguo.