Nyumba ya Mbao ya Mfalme, Huko Chingford

Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba nyumba idumuyo ni ya mawe, na kwamba mti mwisho wake ni mchwa. Kwa pwani yetu yenye joto na unyevu, fikra hiyo haikosi msingi. Lakini kaskazini-mashariki mwa jiji la London, ukingoni mwa msitu wa Epping, ipo nyumba ya mbao iliyokamilika mwaka 1543, na hadi leo watu hupanda ngazi zake. Tuliizuru tulipokwenda Uingereza kuwatazama jamaa zetu, na tukaona ina mazingatio kwa kila mwenye nyumba.

Safari yenyewe ni nyepesi. Treni hutoka stesheni ya Liverpool Street na kukomea Chingford. Kutoka hapo ni mwendo mfupi wa miguu, hadi nyumba idhihirike juu ya kilima, nyeupe kwa chokaa, ikitazama uwanda mpana wa majani na msitu nyuma yake.

Leo huitwa kwa jina la Malkia Elizabeth wa Kwanza, aliyeamuru itengenezwe mwaka 1589. Aliyeijengesha hasa ni baba yake, Mfalme Henry wa Nane, katika milki aliyoitenga kwa ajili ya kuwinda kulungu. Haikukusudiwa kuwa makazi. Ilikuwa mahali pa kutazamia: ghorofa za juu ziliachwa wazi, bila ya kuta baina ya nguzo, ili wageni wa mfalme wasimame humo na kuona wanyama wakikimbizwa chini. Uwindaji ule haukuwa wa njaa bali wa fahari.

Na hapo ndipo ujenzi wake unapojibainisha. Ikiwa ghorofa zaweza kusimama bila kuta, basi kuta si zinazobeba nyumba. Mzigo wote uko juu ya kiunzi cha mti wa mwaloni: nguzo, miamba na boriti nene, na baina yao vipande vilivyopinda vinavyozuia kiunzi kisilale upande. Palipozibwa, pamezibwa kwa fito na udongo, kisha pakapakwa chokaa. Mama zetu wa vijijini waliokwisha kukandika nyumba wangezitambua kuta hizo mara moja.

Viungo vyake ndivyo vya ajabu zaidi. Mafundi wa zama hizo walichonga ncha ya mti mmoja iwe kama ulimi, wakatoboa tundu katika mti wa pili, wakaingiza ulimi ndani, kisha wakapigilia kijiti kikavu cha mwaloni kupita vyote viwili. Walitumia mti mbichi, kwa kuwa mwaloni ukikauka huwa mgumu mno kuchongeka. Kila mwaka mti ulivyozidi kukauka ulijikunja na kupinda kidogo, na viungo vikazidi kubanana. Kiunzi kizima kilipimwa na kuunganishwa kwanza chini, kila kipande kikatiwa alama, kikafunguliwa, kisha kikasimamishwa upya mahali pake. Fundi hakubahatisha juu ya ghorofa. Alikuwa amekwisha kujua kila mti utamshika nani.

Ngazi nazo ni pana, zenye vidato vya chini visivyochosha magoti, zikizunguka katika mnara wake wa pembeni. Wenyeji husimulia kwamba malkia alizipanda juu ya farasi mweupe kwa furaha ya kushindwa kwa manowari za Kihispania mwaka 1588. Hiyo ni hadithi ya kufurahisha watoto. Ukiviona vidato, waelewa kwa nini imesadikiwa.

Mfalme Henry alifariki mwaka 1547, miaka minne tu baada ya nyumba kukamilika. Wawindaji wakatoweka, mapengo ya ghorofani yakazibwa, na nyumba ikawa makazi ya walinzi wa msitu. Mwaka 1878 sheria ya Bunge iliuweka msitu wa Epping chini ya uangalizi wa Baraza la Jiji la London kwa manufaa ya watu wote, na nyumba hii sasa ni makumbusho. Mahali palipotengwa kwa ajili ya wakubwa, leo watoto wa makabwela hukaa dirishani wakitazama ng'ambo ya uwanda.

Sisi tuna majumba ya Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa, ambayo upana wa vyumba vyake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko. Mawe yake ni magumu, lakini mengi yanaporomoka kwa sababu paa lilivuja mwaka mmoja, boriti ikaoza mwaka wa pili, na warithi wakawa wangali wanabishana ni nani atoe fedha. Nyumba ya Chingford haikusalimika kwa ugumu wa mwaloni peke yake. Ilisalimika kwa kuwa kila kizazi kilikuwa na mtu aliyekarabati palipoharibika kabla halijaambukiza pengine.

Basi, kabla ya masika kuingia, wenye nyumba za urithi na wapande darini na watoto wao, waguse boriti moja moja, waone ipi imelowa. Ibadilishwe hiyo moja, na mazungumzo ya mirathi yaendelee chini ya paa lisilovuja.